Bukini hakuna simba

Agosti 2025, Barea, timu ya taifa ya Madagaska, iliitoa Harambee Stars ya Kenya kwa penalti pale Kasarani katika robo fainali ya CHAN, ikateremka Dar es Salaam kuitoa Sudan, kisha ikarudi Nairobi na kufungwa 3-2 na Morocco kwenye fainali. Wiki hizo wengi wetu tuliitazama Madagaska kwa makini kwa mara ya kwanza, na maswali yakamiminika vijiweni. Hawa ni Waafrika au Waasia? Mbona wachezaji wawili wa timu moja ni kama wametoka mabara mawili? Huko kwao kuna simba? Mwezi uliofuata vijana wa mji mkuu, Antananarivo, waliingia barabarani kwa sababu ya maji na umeme kukatika, na katikati ya Oktoba jeshi likashika nchi. Maswali yaleyale yakarudi, safari hii na majibu ya kubahatisha.

Majibu hayo karibu yote hutoka kwenye ramani. Kisiwa kiko pale tu, ng'ambo ya Msumbiji, basi kitakuwa kama kwetu: tembo, twiga, nyani na watu wanaosema lugha za jamaa yetu. Ramani inaonyesha umbali tu. Haionyeshi nani aliwahi kuvuka, wala alivuka lini. Ukitaka kuielewa Madagaska, kwa kila unachokikuta kule, awe mnyama, mti, neno au binadamu, uliza jambo moja: alifika saa ngapi?

Tuanze na majina. Madagaska ni jina la kisiwa na ni jina la nchi. Watu wake ni Wamalagasi na lugha yao ni Kimalagasi. Wazee wa pwani yetu walikiita kisiwa hicho Bukini, na watu wake Wabuki, na majina hayo yamo kwenye kamusi za zamani za Kiswahili. Jina la Madagaska lenyewe huenda ni kosa. Marco Polo, msafiri wa Venice wa karne ya 13 ambaye hakuwahi kufika huko, alieleza habari za kisiwa alichokiita kwa jina linalokaribiana na hilo, na wanahistoria wengi wanadhani alikuwa amechanganya na Mogadishu. Alisema kina tembo na ngamia wengi. Kwa hiyo ukiwaza tembo unaposikia Madagaska, umeingia katika kosa lenye umri wa miaka 700.

Neno jingine tutakalolihitaji ni spishi, yaani aina moja ya kiumbe ambayo huzaana yenyewe kwa yenyewe. Simba ni spishi moja, chui ni nyingine. Spishi inayopatikana mahali pamoja tu duniani tutaiita ya kipekee.

Kisiwa chenyewe si kidogo. Kina kilomita za mraba 587,000 hivi, yaani kinaizidi Kenya nzima kidogo, na ni cha nne kwa ukubwa duniani baada ya Greenland, New Guinea na Borneo. Kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini ni karibu kilomita 1,600. Katikati umesimama uti wa mgongo wa nyanda za juu, na uti huo ndio unaogawa mvua. Pepo zinazovuma kutoka Bahari ya Hindi hugonga mteremko wa mashariki na kumwaga maji pale, na zikivuka kwenda magharibi zimekwisha kukauka. Ndiyo maana rasi ya Masoala, kaskazini-mashariki, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka na ina msitu mzito wenye ukungu, ilhali kusini-magharibi kuna sehemu zisizofikisha hata 500, na mimea yake ni miiba mitupu. Udongo mwingi ni mwekundu. Mvua ikinyesha nyanda za juu, mto Betsiboka huteremka baharini ukiwa na rangi ya matofali.

Siku moja ya Kiswahili

Madagaska iliwahi kweli kushikana na Afrika, pamoja na India, Antaktika, Australia na Amerika Kusini, zote zikiwa bara moja kubwa ambalo wanajiolojia huliita Gondwana. Ilianza kubanduka kutoka upande wetu yapata miaka milioni 165 iliyopita, ikiwa bado imeungana na India. India nayo ikaiacha miaka milioni 88 hivi iliyopita, ikaenda zake kaskazini kugongana na Asia.

Tarakimu kama hizi hazishikiki kichwani, kwa hiyo tuzibane ziwe siku moja. Na kwa kuwa siku ya Mswahili huanza magharibi jua likizama, tuseme kisiwa kiliachana na Afrika magharibi ya jana, na sasa jua linazama tena. Kwa kipimo hicho India iliondoka saa kumi na moja alfajiri. Dinosaria walikufa saa mbili na nusu asubuhi, au dakika chache kabla. Mababu wa lemuri, wanyama wa mitini wa huko wanaofanana na kima, waliwasili karibu na saa nne. Mababu wa wanyama wanaokula nyama wakafika kama saa tisa alasiri. Simba tunayemjua leo alitokea bara dakika chache tu zilizopita, na binadamu waliohamia kisiwani wamebisha hodi ikiwa imebaki chini ya sekunde moja jua kuzama.

Hapo swali la simba limejijibu. Hakuachwa nyuma, wala hakufa huko. Kisiwa kilipoondoka hakukuwa na simba, twiga, pundamilia, nyani wala tembo popote duniani. Walipotokea, kati yao na Madagaska palikuwa na Mlango wa Bahari wa Msumbiji, ambao hata penye wembamba una kilomita 400 na kitu. Ni kama kumlaumu jamaa kwamba hakuhudhuria harusi iliyofanyika kabla babu yake hajazaliwa.

Sasa lemuri alivukaje? Waliowahi kuuona Rufiji ukifurika hawatashangazwa na jibu. Mto ukijaa hung'oa miti na vipande vizima vya ukingo, mizizi na majani yakiwa yamefungamana, na vyote huelea hadi baharini. Humo ndani huwamo nyoka, panya, wadudu, na chochote kilichokuwa kimelala kwenye tundu la mti usiku huo. Safari nyingi za namna hiyo huishia kwa kifo. Lakini ukipewa miaka milioni 10 ya kujaribu, safari moja tu ya jike mwenye mimba inatosha kuanzisha ukoo. Utafiti uliochapishwa 2010 uliigiza kwenye kompyuta mikondo ya bahari ya zamani hizo na kuonyesha kwamba, tofauti na leo, wakati mwingine mkondo ulielekea mashariki, kutoka Afrika kwenda kisiwani. Mabara yalipoendelea kusogea, mkondo ukabadilika na mlango ukafungwa.

Inasaidia pia kujua kwamba lemuri wengine, wale wadogo wenye mkia mnene wa kuhifadhi mafuta, wanaweza kulala hadi miezi saba kwa mwaka. Abiria anayeweza kulala bila kula ana nafasi nzuri kuliko anayedai chakula kila siku. Swala haponi kwenye gogo. Tembo hata gogo halipati.

Ndiyo maana mamalia wa nchi kavu waliofika wenyewe na wanaoishi huko hadi leo, ukiwaacha popo waliopita angani, wanatokana na makundi manne tu: lemuri, tenreki (wanyama wadogo, wengine wenye miiba), panya wa kisiwani na jamii ya fosa, mla nyama tutakayekutana naye hapa chini. Kila kundi linaaminika kutokana na msafara mmoja. Viboko wadogo nao waliwahi kufika, baadaye sana, lakini hawakudumu hadi zama zetu.

Kazi zilizokosa wenyewe

Lemuri si kima. Jamaa zake wa karibu huku bara ni komba, yuleyule anayelia usiku kama mtoto mchanga na kuvamia tembo la mgema hadi tukapata msemo wa kulewa kama komba. Kutokana na ukoo huo mmoja zimepatikana spishi zaidi ya 100, zote za kipekee. Mdogo kabisa ana uzito wa gramu 30 hivi, na mkubwa aliyebaki, indri, anakaribia kilo 9. Walikuwapo wakubwa zaidi, mmoja akiwa na mwili wa kulingana na sokwe wa milimani, lakini hao walitoweka baada ya binadamu kufika.

Kwa nini wengi hivyo? Kwa sababu kisiwa kilikuwa kama ofisi yenye meza nyingi na wafanyakazi wachache. Mfano ninaoupenda ni wa aye-aye. Madagaska hakuna kigong'ota. Kazi ya kutoa viwavi ndani ya miti ilikuwa wazi, akaichukua lemuri mwenye masikio kama ya popo na meno ya mbele yasiyokoma kukua, kama ya panya. Usiku hupita juu ya tawi akiligonga haraka haraka kwa kidole cha kati, ambacho ni chembamba kama kijiti, huku ameinama kusikiliza. Mlio ukibadilika anajua chini yake pana uwazi. Anatafuna tundu, anaingiza kidole kilekile, na kiwavi anatoka kama nyama ya konokono kwenye gamba lake. Sehemu nyingi za kisiwa watu humhesabu kuwa nuksi, na wengine humwua wakimwona, maskini mnyama wa watu.

Kazi ya simba na chui ilichukuliwa na fosa. Ukimwona utaapa ni paka: mwili mrefu, mkia mrefu, anapanda mti kichwa juu na kushuka kichwa chini. Si paka. Ni nasaba ya nguchiro, na ndiye mla nyama mkubwa kuliko wote wa asili huko, ingawa uzito wake hauzidi kilo 10 hivi. Tenreki nao wengine wana miiba kama kalunguyeye, lakini kiukoo wako karibu zaidi na sengi na tembo. Umbo ni shahidi wa uongo. Vinasaba ndivyo vimesahihisha mengi.

Hata ndege wake mkubwa alitudanganya. Hadi karibu miaka 1,000 iliyopita kisiwa kilikuwa na ndege asiyeruka, mwenye kimo cha kama mita 3, aliyetaga yai la urefu wa sentimita 30. Yai moja lilibeba ujazo wa mayai ya kuku zaidi ya 100, na vipande vya maganda yake bado huokotwa kwenye fukwe za kusini. Kila mtu alidhani ni ndugu wa mbuni. Vinasaba vilipopimwa, ndugu yake wa karibu akaonekana kuwa kiwi, ndege wa New Zealand wa ukubwa wa kuku. Wapo wanaodhani habari zake ndizo zilizozaa Rukh, yule ndege wa hekaya za Sindibadi anayebeba tembo kwa kucha.

Tukiwa hapa, tufute mengine mawili. Watu huogopa nyoka wa Madagaska, lakini huko hakuna fira, koboko wala kifutu. Nyoka wa nchi kavu wapo wengi, na hakuna anayehesabika kuwa hatari kwa maisha ya mtu. Mamba yupo, huyohuyo wetu wa mtoni, na huyo aogopwe. La pili ni ile hadithi kwamba kisiwa kizima kilikuwa msitu hadi watu wakauchoma. Watafiti wa siku hizi wanaona sehemu ya mbuga za nyanda za juu ilikuwako kabla ya binadamu, maana zina nyasi zake za asili. Lakini isiwe kisingizio: kati ya 1953 na 2014 pekee kisiwa kilipoteza karibu asilimia 44 ya misitu yake ya asili.

Lugha ya Borneo, mifugo ya Kibantu

Sasa turudi kwa wachezaji wetu wawili. Hesabu ya Kimalagasi ni hii: mbili ni roa, tano ni dimy, sita ni enina, kumi ni folo. Kiindonesia: dua, lima, enam, sepuluh. Mbingu kwa Mmalagasi ni lanitra, kwa Mwindonesia langit. Jiwe ni vato huku na batu kule. Mwaka 1951 Otto Christian Dahl, mtaalamu wa lugha kutoka Norway, alionyesha kwamba lugha iliyo karibu zaidi na Kimalagasi ni Kimaanyan, cha bonde la mto Barito kusini mwa Borneo. Ni zaidi ya kilomita 7,000 za bahari. Watu waliivuka wakaja, na makazi yao ya kudumu wanaakiolojia wengi huyaweka katika milenia ya kwanza baada ya Kristo.

Je, ni Waasia basi? Sikiliza jina la ng'ombe: omby. Kondoo ni ondry, kuku ni akoho, kanga ni akanga, punda ni ampondra, na mbwa pia huitwa amboa. Hakuna Mswahili anayehitaji mkalimani hapo. Mtu hubeba neno pamoja na kitu chake, kwa hiyo maneno haya ni kama risiti: mifugo ilitoka kwa Wabantu wa pwani hii na visiwa vyake, na haikujipeleka. Ilikwenda na watu. Vipimo vya vinasaba vinasema hivyohivyo, kwamba Wamalagasi kwa ujumla wana asili ya Afrika na ya Asia, kwa viwango vinavyotofautiana kutoka eneo hadi eneo. Wale wa nyanda za juu huelekea zaidi Asia, wa pwani zaidi Afrika, lakini kusema Wamerina wa nyanda za juu ni Waasia na Wasakalava wa pwani ya magharibi ni Waafrika ni kukata kwa shoka kitu kilichoshonwa kwa sindano. Wote wamechanganyika, na wote wanasema lugha moja yenye lahaja nyingi.

Kuhusu Barea, hilo ni jina la ng'ombe mwenye nundu. Timu yenye lugha ya Borneo imejiita kwa jina la mnyama ambaye neno lake la kawaida ni la Kibantu.

Mshono huo haukuwa wa upande mmoja. Ngalawa tunayoivulia kutoka Lamu hadi Msumbiji, yenye matengo mawili ya kuizuia isipinduke, ina muundo ambao watafiti huuhusisha na mabaharia haohao wa Asia. Waislamu wa pwani nao waliacha alama kule. Kaskazini-magharibi mwa kisiwa kulikuwa na mji wa biashara wa Mahilaka, uliostawi kuanzia karne ya 10 hivi, na wafanyabiashara wa eneo hilo walikuja kuitwa Antalaotra, watu wa bahari. Siku za wiki bado zinasema hadithi yao: Talata ni Jumanne, Alarobia Jumatano, Alakamisy Alhamisi, Zoma Ijumaa.

Wala hatukuwa marafiki siku zote. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ile ya 19, majeshi ya mitumbwi kutoka Madagaska yalivuka kuteka watumwa Komoro, yakafika hadi pwani yetu. Magofu ya Kua katika kisiwa cha Juani, Mafia, yanahusishwa na uvamizi wa Wasakalava.

Siasa za baadaye nitazipitia mbio. Wamerina wa nyanda za juu walikiunganisha sehemu kubwa ya kisiwa chini ya Andrianampoinimerina na mwanawe Radama I. Ufaransa ikakitwaa rasmi 1896 na mwaka uliofuata ikamhamisha malkia wa mwisho, Ranavalona III, ambaye alifia Algeria 1917. Maasi ya 1947 yalizimwa kwa damu nyingi, na uhuru ukapatikana 26 Juni 1960. Kifaransa unachokisikia kwa viongozi wao ni mgeni wa juzi, kama Kiingereza chetu.

Mbuyu wa Mahajanga

Nimeuacha mti mmoja makusudi. Duniani kuna spishi 8 za mbuyu. Moja iko Australia. Moja ni huu wetu wa bara, wenye ubuyu tunaoujua. Sita zilizobaki ni za kipekee za Madagaska, ikiwemo ile mirefu iliyonyooka kama nguzo karibu na Morondava, ambayo picha zake hupamba kalenda. Mwaka 2024 watafiti waliosoma vinasaba vya spishi zote walihitimisha kwamba mbuyu ulianzia kisiwani, na mbegu zake zikaelea kuja Afrika na kwenda Australia.

Nenda sasa Mahajanga, bandari ya kaskazini-magharibi, ambako damu ya Komoro na ya Waswahili iko wazi hadi leo. Karibu na bahari, katikati ya barabara, magari yanazunguka shina la mbuyu lenye mzingo wa mita 20 na ushei. Ndio alama ya mji. Wenyeji wanauheshimu, wageni wanaupiga picha wakidhani wameona mti wa Madagaska. Hauko kati ya zile sita. Ni mbuyu wa kwetu, wa bara, na inaaminika spishi hiyo ilipelekwa huko na wafanyabiashara wa majahazi.